Bustani ya Maua si ya Bomani Tu

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya maua. Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Mwalimu amekosa la kuandika. Sisi tunataka habari za mahindi, mbolea na bei ya mazao, yeye anatuletea maua! Kwani maua yanaliwa?"

Swali hilo ni zuri. Tutalijibu. Lakini kwanza tujiulize jambo moja: kwa nini wengi wetu tunaona kwamba maua si mambo yetu?

Wengi tulikua tukiyaona maua katika sehemu chache tu. Tuliyaona bomani, mbele ya ofisi ya mkubwa. Tuliyaona misheni na hospitalini. Tuliyaona shuleni, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Na huko shuleni, mtoto aliyechelewa au aliyekosa alipewa adhabu ya kumwagilia maua. Basi tukatoka na mawazo mawili. Wazo la kwanza: maua ni ya ofisi na ya watu wenye nafasi. Wazo la pili: maua ni adhabu.

Mawazo yote mawili hayana msingi. Ua halijui cheo cha mtu. Likipata udongo, maji kidogo na jua, litachanua mbele ya nyumba ya udongo sawasawa na mbele ya nyumba ya bati. Na kazi ya mkono inayofanywa kwa kupenda si adhabu, ni starehe.

JE, NI KWELI MAUA HAYALIWI?

Tuanze na mboga. Kina mama wengi huchuma maua ya maboga na kuyapika pamoja na majani yake. Hayo si maua? Tena yatazame vizuri shambani. Mboga ya maboga ina maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo sana chini yake. Ua jike hufunguka alfajiri, na ikifika mchana limekwisha kujifunga. Katika saa hizo chache lazima nyuki au mdudu mwingine alete unga wa njano kutoka katika ua dume. Unga huo unaitwa chavua. Asipokuja mdudu, kile kiboga kidogo kinageuka njano na kuanguka. Ndiyo maana mama mwenye busara huchuma maua dume tu, tena huacha mengine kwa ajili ya nyuki.

Karafuu nayo ni ua. Wakulima wa Unguja na Pemba huichuma kabla haijachanua, kisha huianika juani. Ikikwisha kuchanua, thamani yake inapotea. Basi ukitia karafuu katika pilau, umetia maua.

Alizeti ni ua kubwa lenye maua madogo mengi ndani yake, na kila ua dogo hutoa mbegu moja. Kutoka humo tunapata mafuta ya kupikia. Pareto, inayolimwa katika nyanda za juu zenye baridi, ni ua jeupe lenye moyo wa njano. Maua yake hukaushwa na kutoa dawa ya kuua wadudu. Rozela tunayochemsha na kutia sukari hutokana na vikombe vyekundu vinavyobaki ua linapokwisha kunyauka.

Kwa hiyo yule anayesema maua hayana faida, huenda asubuhi hiyo hiyo amekula mboga iliyotokana na maua.

Lakini hapa sitaki kukudanganya. Makala haya hayakuandikwa ili uone maua kama mradi wa fedha. Ni kweli kwamba huko Naivasha, Kenya, na hapa kwetu katika sehemu za Arusha, yako mashamba makubwa ya mawaridi. Maua yake hukatwa, hupozwa kwa ubaridi na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Hiyo ni biashara ya mtaji mkubwa. Mimi nazungumzia bustani ndogo ya nyumbani, ya kufurahisha moyo. Furaha nayo ni haja ya binadamu.

CHAKULA CHA MACHO NA PUA

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani sana. Huko Unguja, Mombasa na Lamu, nyumba nyingi zilikuwa na shina la asumini uani, na rehani karibu na mlango. Wanawake hukusanya asumini, rehani na maua mengine yenye harufu nzuri, wakayafunga pamoja. Kifurushi hicho kinaitwa kikuba. Mwanamke hukivaa anapokwenda harusini au anapotaka kunukia nyumbani kwake. Kuna kilua, ua lisilo na rangi ya kujionyesha, lakini harufu yake inamgeuza mtu shingo. Kuna mlangilangi, mti ambao maua yake ya kimanjano hutiwa katika manukato. Na hata leo watoto wa kike wanaitwa Waridi, Asumini na Rehani. Mtu hampi mtoto wake jina la kitu kisichokuwa na maana.

Bara nako hatukukosa. Nani hajasimama akatazama mkrismasi ulipowaka maua mekundu mwezi wa Desemba? Hakulipa kitu. Hakula kitu. Lakini aliondoka na moyo mwepesi kidogo.

Sasa mfikirie bibi mzee ambaye miguu haimruhusu kwenda mbali. Mfikirie mgonjwa aliyelala ndani wiki tatu. Dunia yao ni ule mlango na kile kiwanja mbele ya nyumba. Kama kiwanja hicho ni vumbi na takataka, basi kila siku wanatazama vumbi na takataka. Kama pana maua, kila asubuhi wana jambo jipya la kutazama: leo kichomozo kimefunguka, leo kipepeo amekuja. Hapo utaona kwamba kitanda cha maua si mapambo ya bure.

MABISHANO YA NYUMBANI

Katika nyumba nyingi neno la maua huleta mabishano. Tusikilize mume na mke wakizungumza jioni.

Mke: Baba watoto, mvua za vuli zikianza nataka kupanda maua hapa mbele.

Mume: Maua? Mama watoto, si afadhali upande mchicha? Maua tutayafanya nini?

Mke: Mchicha uko nyuma ya jiko, na utabaki huko huko. Mimi naomba hatua nne tu.

Mume: Na maji? Kisima chenyewe uko nacho mbali. Kesho utakuja kulalamika mgongo unauma.

Mke: Maji ya kusuuzia vyombo na ya kuoshea mikono tunayamwaga wapi?

Mume: Tunayamwaga njiani.

Mke: Basi. Hayo hayo.

Mume huyu hakukosea kuuliza juu ya maji. Maji ni jasho la mama. Mtu akipanda bustani inayodai ndoo mbili zaidi kutoka kisimani kila siku, bustani hiyo itakuwa mzigo, na baada ya mwezi itakufa. Lakini mke naye ana jibu la kitaalamu. Maji yaliyotumika kusuuzia vyombo au kunawia hayafai kumwagiwa mboga zinazoliwa mbichi. Maua hayana tatizo hilo, kwa sababu hatuyali. Yamwage chini kwenye udongo, siyo juu ya majani. Usitumie maji yenye sabuni ya unga nyingi, dawa ya kung'arisha nguo au chumvi nyingi. Hayo huunguza mizizi.

Tena bustani ikiwa ya nyumba nzima, kila mtu ana lake la kufanya. Baba anaweza kujenga ua wa miti. Watoto wanaweza kumwaga maji ya kunawia. Isiwe kwamba mama ndiye apande, yeye amwagilie, yeye apalilie, halafu wengine wakae kivulini wasifie.

OTA BUSTANI YAKO, KISHA IANDIKE

Sasa tufike kwenye jambo tamu kuliko yote. Bustani huanza kichwani. Wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu na kazi za shamba ni chache. Huo ndio wakati wa kuota. Simama mlangoni kwako jioni, utazame kile kiwanja kitupu. Jiulize: ningependa kuona nini hapa? Rangi gani? Ningependa harufu gani iingie dirishani usiku?

Ndoto ya kichwani husahaulika. Lakini wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari na kalamu. Kwanza pima kiwanja kwa hatua. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita 1. Chora nyumba, mlango, njia, mti uliopo na jiko. Weka alama upande linakochomoza jua. Maua mengi yanataka jua la saa 6 kwa siku au zaidi, kwa hiyo andika sehemu zenye kivuli.

Halafu andika orodha ya maua unayoyataka. Mbele ya kila ua andika rangi yake, urefu wake, na nani atakupa. Ukurasa wako unaweza kuwa hivi:

Asumini – nyeupe, hupanda juu – kijiti kutoka kwa shangazi.
Waridi – jekundu, kiunoni – kijiti kutoka kwa jirani.
Zinia – rangi nyingi, magotini – mbegu kutoka shuleni.
Alizeti – njano, kupita kichwa – mbegu ninazo.
Rehani – ya harufu, magotini – mbegu kutoka kwa bibi.

Umeona? Katika orodha hii hakuna ua la kununua. Bustani ya kijijini hujengwa kwa kuombana na kupeana. Na kuna jambo jingine. Miaka ikipita, kila ua linakuwa na jina la mtu. Shangazi anaweza kuhama, bibi anaweza kufariki dunia, lakini rehani yake bado iko mlangoni kwako, na kila ukiigusa unamkumbuka.

Mwisho, amua ukubwa. Ndoto iwe kubwa, lakini kazi ya mwaka wa kwanza iwe ndogo. Kitanda kimoja cha mita 4 kwa mita 1 kinatosha. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Haba na haba hujaza kibaba.

KAZI INAANZA

Kutayarisha udongo. Lima kitanda kabla ya mvua, kina cha jembe moja. Changanya samadi iliyooza vizuri. Madebe 3 au 4 yanatosha kwa kitanda hicho. Samadi mbichi huunguza mimea, kwa hiyo usiitumie.

Wakati wa kupanda. Sehemu zenye mvua za vuli na masika, panda mwezi wa Oktoba au Novemba, au mwezi wa Machi. Sehemu zenye msimu mmoja wa mvua, panda mvua zinapokwisha kukolea.

Maua ya mbegu. Zinia, marigoldi, kosmosi, alizeti na rehani huota kwa mbegu. Mbegu ndogo usizifukie sana. Udongo wa kuzifunika usizidi unene wa kidole kidogo. Miche ikifika urefu wa kidole, ipunguze, ibaki sentimita 30 kutoka mche hadi mche. Hiyo ni rula moja ya shule. Ile uliyoing'oa mpe jirani. Zinia huanza kuchanua baada ya miezi 2 hivi.

Maua ya vijiti. Waridi, asumini na bogenvilia huoteshwa kwa vijiti. Chagua tawi lililokomaa, lenye unene wa kalamu. Kata kijiti cha sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu. Fukia sehemu kubwa ya kijiti ardhini, kivulini, na udongo usikauke. Usikivutevute kutazama kama kimeota. Kiache wiki 6 hadi 8. Kati ya vijiti kumi, vingine vitakufa. Kwa hiyo panda vingi.

Kumwagilia. Mwagilia asubuhi au jioni. Ndoo moja ya lita 20 inatosha kitanda cha mita 4. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usiondoke upesi.

Kuzuia mifugo. Adui mkubwa wa bustani kijijini ni mbuzi, na wa pili ni kuku. Kuku atafukua mbegu siku ile ile uliyopanda. Weka matawi ya miiba juu ya kitanda mpaka miche itokeze. Kwa mbuzi jenga ua wa fito au wa miiba. Wengine hupanda minyaa. Minyaa ni mizuri kwa ua, lakini maziwa yake ni hatari sana kwa macho. Anayeikata aangalie, na watoto wasiichezee.

Kukata maua yaliyonyauka. Hapa kuna siri moja. Kazi ya ua ni kutoa mbegu. Mmea ukikwisha kupata mbegu, huona kazi yake imekwisha, ukaacha kuchanua. Ukikata maua yaliyonyauka, mmea hujaribu tena, na wewe unapata maua mengine. Mwisho wa msimu acha maua machache yaliyo bora yakauke yenyewe. Chukua mbegu zake, zianike kivulini, zifunge katika karatasi, na uandike jina na mwaka. Hiyo ndiyo akiba yako.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Bustani nzuri isilete msiba. Shika mambo haya manne.

La kwanza ni nyoka. Usipande vichaka vizito mlangoni wala kwenye ukuta wa nyumba. Viweke mbali kidogo, na chini yake pafagiliwe.

La pili ni mbu. Ukipanda maua katika makopo au ndoo mbovu, toboa chini ili maji yasisimame. Maji yaliyotuama ni mahali pa mbu kuzaliana.

La tatu ni sumu. Baadhi ya maua mazuri yana sumu kali. Mkalamu, wenye maua kama ndimi za moto, ni sumu, na mzizi wake ni mbaya zaidi. Oleanda inayopandwa mijini ni sumu tangu jani hadi ua. Mnanaha pia ni hatari. Kama una watoto wadogo, usiyapande.

La nne ni dawa za kujitengenezea. Kuna ua dogo jeupe au la waridi, asili yake Madagaska, linalostahimili ukame na mchanga. Wengi wanalo nyumbani. Tangu miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wamepata ndani yake dawa mbili za saratani, nazo ni vinblastini na vinkristini. Moja hutumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini dawa hizo hutengenezwa viwandani na kupimwa kwa makini sana. Mmea wenyewe ni sumu. Usiuchemshe, usiunywe. Upande, uutazame, inatosha.

KUISTAREHEKEA

Watu wengine hupanda, wakapalilia, wakamwagilia, halafu hawakai hata siku moja kutazama. Hiyo ni sawa na kupika pilau ukalala na njaa. Chukua kigoda chako, ukae. Yako mengi ya kuona.

Itazame bogenvilia. Ile rangi nyekundu au zambarau unayoisifia, kumbe si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Mmea huu ulitoka Amerika ya Kusini, ukapewa jina la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Zinia na marigoldi nazo zilitoka Meksiko na nchi za jirani yake. Maua yamesafiri kama watu.

Tazama alizeti ikiwa changa. Asubuhi inaelekea mashariki, jioni magharibi. Ikikomaa inaacha kuzunguka, inabaki inatazama mashariki.

Kaa uani saa moja usiku karibu na asumini. Mchana harufu yake ilikuwa kidogo, sasa imejaa hewani. Kwa nini? Kwa sababu mgeni wa asumini ni nondo, naye hutembea usiku. Gizani rangi nyekundu haionekani, ndiyo maana maua mengi ya usiku ni meupe na yananukia sana. Maua mekundu, kama ya mshubiri, hungoja mchana. Mgeni wao ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayekuja kunywa maji matamu ya ua.

Nyuki wakizoea bustani yako, watatembelea na maboga yako, matango yako na alizeti ya jirani. Hapo hata yule aliyecheka mwanzoni atapata faida.

MAUA YA MSITUNI YAACHE MSITUNI

Ukikwisha kupenda maua, utajaribiwa kwenda kuyang'oa msituni. Ngoja kwanza usikie habari mbili.

Katika misitu ya Usambara kuna ua dogo la rangi ya zambarau na moyo wa njano. Linaota kwenye mawe, penye kivuli na unyevu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, ofisa mmoja wa huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliandika katika vitabu vya elimu ya mimea, akalipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo liko madirishani mwa mamilioni ya watu katika Ulaya na Marekani. Lakini huko kwao Usambara, aina nyingine zake zimo katika hatari ya kupotea kwa sababu misitu imekatwa. Ajabu ni kwamba ua hili huoteshwa kwa jani moja tu likichomekwa katika udongo. Hakuna haja ya kung'oa shina.

Habari ya pili ni ya Kitulo, katika nyanda za juu za kusini. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Panapata maua mengi mwezi wa Desemba hadi Aprili. Yamehesabiwa mimea zaidi ya aina 350, na kati yake okidi aina 45. Mwaka 2005 sehemu hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, hasa kwa ajili ya mimea na maua yake. Sababu moja ni kwamba viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Aliyechimba alipata fedha, na mtu mwenye shida hatumlaumu bure. Lakini okidi haioti kama mahindi. Mbegu yake ni kama vumbi, na huhitaji ukungu wa namna fulani wa ardhini ili iote. Ukiing'oa moja leo, utangoja miaka mingi kupata nyingine.

Basi kanuni yetu iwe hii: omba mbegu, omba kijiti, omba jani. Mmea wenyewe uuache mahali pake, ili na mtoto wako aje aukute.

TUMALIZIE

Ndugu msomaji, hakuna sheria inayosema maua ni ya bomani. Hatua nne mbele ya mlango wako ni zako. Maji ya kusuuzia vyombo unayo. Samadi unayo. Shangazi mwenye asumini hakosekani. Kinachotakiwa ni nia, daftari na subira ya miezi miwili.

Msimu huu andika ndoto yako katika ukurasa mmoja. Mvua ikinyesha, panda. Na siku ua la kwanza litakapofunguka, mwite yule aliyekuuliza kama maua yanaliwa. Mpe kigoda akae, atazame. Usimjibu neno.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini watu wengi walidhani maua ni ya ofisini na misheni tu? Ninyi mnaonaje?
2. Ni mama gani anayeweza kueleza tofauti ya ua dume na ua jike la boga?
3. Katika kijiji chenu, nani ana asumini, waridi au zinia? Andikeni orodha ya nani anaweza kumpa nani.
4. Bustani ya nyumbani imwagiliwe na nani? Jadilianeni, wanaume na wanawake.
5. Tajeni maua ya porini kwenu yanayozidi kupungua. Nini kifanyike?